Mkwe Wangu na Unga Usiotaka Maji

Karakana nzima inamwita mkwe wangu Dokta, na hakuna hospitali wala chuo kinachomjua. Jina lilitokana na koti jeupe alilojinunulia, akalipiga pasi, akachomeka kalamu nne mfukoni. Kuandika, sijamwona akiandika.

Pale karakana wanageuza mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia kuwa dizeli. Mimi shule sikuikalia sana, lakini benchi lao nimelikalia miaka, nikaambulia mawili matatu. Kuna unga mweupe, sodiamu methoksaidi, mtoto wa madini ya sodiamu na spiriti ya methanoli. Ukiuyeyusha kwenye hiyo methanoli, ukachanganya na mafuta ya moto, dizeli inapanda juu na gliserini inatuama chini. Ndugu zake ni wengi. Yupo wa madini ya titani, nasikia hupakwa kwenye vioo. Kiwanda cha vioo niliwahi kukiona zamani, ila hayo tuyaache. Ukoo wote huo una adui mmoja: maji. Hata unyevu wa hewa unauharibu unga, unageuka magadi makali, na magadi yakikutana na mafuta ni sabuni.

Fundi mkuu alipoacha kazi, mwenye karakana, mama asiyecheka ovyo, alisema atakayeleta pipa zuri Ijumaa ndiye atakayeshika nafasi yake. Binti yangu, mke wa huyo Dokta, amechanganya mafuta pale miaka tisa. Nafasi ile aliitaka hadi usingizi ulimpaa. Mumewe naye akaitaka, kwa sababu ya koti.

Alhamisi binti yangu alishinda akichemsha mafuta yake kuyakausha. Kila baada ya muda anadondosha tone kwenye kifuniko cha moto, anatega sikio. Likitatarika, maji bado yamo.

"Mwoneni mke wangu, anapiga ramli na mafuta!" Dokta akawaambia wateja.

"Na wewe ya kwako umeyasikiliza?"

"Mimi ni mtu wa sayansi, mama watoto. Siongei na masufuria."

Nje manyunyu yanaanguka, mlango uko wazi. Binti yangu alikuwa ameshapima unga wake, akautia kwenye chupa kavu, akakaza kizibo. Bwana huyu kaumwaga wake kwenye sahani, anawazungushia wageni kama muuza almasi.

"Mkwe, funika hicho kitu," nikamwambia.

"Baba, wewe pumzika tu."

Basi nikapumzika.

Ijumaa mapipa yakafunguliwa. La binti yangu, juu dizeli yenye rangi ya chai ya rangi, gliserini nzito chini, mpaka wake umenyooka. La Dokta, uji wa kijivu. Mwiko unasimama wenyewe.

"Hii ni nini?" mwenye karakana akauliza.

"Ni… hatua ya kati, mama."

Mama akavaa glavu, akachota kidogo, akasugua na maji. Povu likajaa kiganja.

"Hatua ya kati ya kwenda bafuni?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Binti yangu akawa fundi mkuu palepale. Mumewe akamvuta pembeni, akamnong'oneza, nami nilisikia: "Waambie basi nilikuelekeza."

"Uliniambia napiga ramli," akajibu, akampa brashi na ndoo.

Pipa moja tu, na alilisugua mpaka saa tisa. Nilipochungulia ndani, utelezi ulikuwa umejaa vilevile. Hata kusugua hajui.