Jucélia, Fundi wa Kutoa Uvimbe

Huko Belo Horizonte, Brazili, mwanamke akishapunguzwa tumbo na daktari, anayefuata kuitwa ni Jucélia. Anafika nyumbani na meza yake ya kukunja begani, anahema, anamlaani aliyejenga mji juu ya vilima, na kabla hajakaribishwa kahawa keshaiomba. Kazi yake ni kutoa uvimbe: maji yanayojaa mwilini baada ya upasuaji anayaongoza polepole yaondoke, kwa mkono mwepesi kabisa. Wateja wapya hulalamika.

"Kandamiza bwana! Mbona unanipapasa tu?"

"Kwani wewe sanduku lililogoma kufungika?" huwajibu, na kuendelea na mwendo wake uleule.

Basi alikuwapo Dona Valquíria, mwalimu mstaafu, mkewe Dirceu mwoka mikate. Dirceu hakuitaka ile habari ya kisu. "Tumbo lako lilikuwa halinisumbui," alisema. Tangu mkewe arudi kutoka hospitali, bwana alihamia kwenye kochi la sebuleni. Akioka vimkate vya jibini, anaviacha mlangoni pa chumba na kutimua mbio kama mwizi wa kuku.

Asubuhi moja Valquíria alikuwa amelala mezani, amevuliwa ile nguo ya kubana tumbo aliyopewa hospitali, anayoshinda na kulala nayo. Jucélia alianzia juu ya mifupa ya mabega, kama kawaida yake, maana maji hayasukumwi kabla hayajafunguliwa njia. Ghafla akaona machozi.

"Nimekuumiza?"

"Afadhali ungeniumiza! Tumbo lote lina ganzi. Na Dirceu ananiona kinyaa, Jucélia. Ndoa yote hii, leo hata kunishika mkono hataki. Nimejiharibia mwenyewe."

"Ganzi huondoka taratibu, mwenzangu. Ya mumeo tuyaulize sasa hivi." Akapaza sauti. "Bwana Dirceu! Njoo!"

"Nina mikate kwenye tanuri!"

"Iungue!"

Akaja, macho ukutani, mikono kaificha nyuma.

"Unamwonea kinyaa mkeo?" Jucélia alimtolea uvivu.

"Kinyaa? Mimi?" Dirceu aligutuka. "Naogopa! Hii mikono imekanda unga tangu nikiwa kijana. Nikimgusa nikamfumua nyuzi, je?"

Valquíria akainua kichwa. "Kumbe ni hilo tu? Mjinga wewe! Mimi nalia na mto kila siku!"

"Na mimi nalia na kochi!"

Loo, watu wazima hawa! Jucélia alimpeleka Dirceu akanawe, kisha akamnyooshea mkono wake mwenyewe ajifunzie ule mpapaso mwepesi.

"Aa! Huo mkono wangu, si donge la unga! Tena."

Akarudia.

"Bado mzito. Mfute mtoto mchanga maziwa shavuni. Hivyo. Usisukume nyama, ivute ngozi tu."

Dirceu alijaribu tena, jasho likimtiririka puani, mpaka Jucélia akanyamaza. Jucélia kunyamaza si jambo la kila siku. Akamshika kiganja, akakiweka ubavuni mwa Valquíria, mbali na mshono, akamwonyesha uelekeo aufuate. Kisha akageuka na kuanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

Valquíria alikuwa amefumba macho, anangoja.

"Ushaanza?" aliuliza.

"Zamani."

"Mbona mimi sisikii kitu?" Sauti ilianza kumtetemeka. "Dirceu, sikusikii kabisa."

Dirceu machozi yakamtoka, yakamshuka mpaka kidevuni, lakini mkono haukuongeza uzito hata chembe.

"Mimi nakusikia," alisema. "Una joto lilelile."

Valquíria hakufumbua macho.

"Basi usiutoe mkono," alisema.