Schraml Aliyeikataa Nyota

Alois Schraml alikuwa fundi wa kuchinja nguruwe na mpishi wa bia wa hivi hivi tu, ila kwa kujisifu hakuwa na mpinzani mkoa mzima wa Oberpfalz. Kama kaya nyingine kumi na mbili mjini kwake, alirithi haki ya kupika bia kwenye jiko la pamoja, kuichachusha katika chumba chake cha chini, kisha kuiuza sebuleni siku nne, kwa zamu. Mwenye zamu hutundika nyota ya mbao juu ya mlango, iwe alama. Kwa lahaja ya pale alama ni zoigl, na bia yenyewe haijapata kuitwa jina jingine.

Alipotimiza miaka hamsini, Schraml aliona nyota inamdhulumu.

"Nyota hiyo hiyo kwangu, hiyo hiyo kwa jirani Bartl!" alimfokea mkewe, Kreszenz. "Watajuaje kama hii ni yangu?"

"Matumbo yatawaambia," Kreszenz alijibu, akaendelea kukata soseji.

Basi nyota ikabaki darini. Juu ya mlango kikapanda kibao: BIA YA SCHRAML, kwa herufi za dhahabu, na pembeni sura yake, mashavu yamepunguzwa. Wahenga walisema kibaya chajitembeza. Cha Schraml kilijitundika.

Ijumaa, siku ya kwanza ya zamu yake, hakuingia mtu. Jumamosi wanaume walipita wakikagua milango, wakaenda zao. Chini yalikuwa mapipa manane, na joto la Juni lilikuwa halina huruma. Bia ambayo ingebaki Jumatatu ingegeuka siki. Schraml akatoka mbio, akamdaka Bartl, jirani yake mshona matandiko ya farasi.

"Jirani, unanipita?"

"Natafuta zoigl, bwana mkubwa."

"Si hii hapa! Hujui kusoma?"

"Nimesoma. Hapo pana bia ya Schraml. Nani kakwambia tuna kiu ya Schraml?"

Mtu aliyefuatana na Bartl akauliza kama ile picha ni ya nguruwe wa wiki hii.

Schraml aliapa heri amwage mapipa yote. Jumapili, misa ilipokwisha, alipanda ngazi mlangoni na nyota kwapani. Hajashuka bado, mabenchi yalishajaa.

"Tamu," alisema Bartl, akifuta povu mdomoni. "Kama yangu ya mwezi jana. Huwezi kuzitofautisha."

Schraml akasema ahsante, akaenda kumjazia kikombe.