Mama na Mwenzake

Mama yangu alianza kwa kusukumia ugali kwa maji. Tulikuwa bado chini ya Mwingereza, tukiishi Kwaluguru, nami nilikuwa nimerudi kwa wazazi kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Kila akimeza tonge alishika kifua. Mavuno yalipokwisha, nami nimeshajifungua, hata muhogo laini ulikuwa unakwama, anautema, na nguo zikaanza kumpwaya.

Baba alikuwa na wake wawili, na mama mdogo ndiye aliyekuwa akipika zaidi. Shangazi, dada yake baba, akamwambia mama mbele yetu sote, "Mwenzako amekutilia kitu chunguni."

Mama mdogo aliinuka akaingia ndani. Tangu siku ile alipika chakula chake na cha wanawe tu.

Baba akapata lori la mahindi la Mhindi mmoja mwenye duka, tukampeleka mama hospitali Korogwe. Walimnywesha maji mazito meupe kama chokaa, wakampiga picha. Daktari Mzungu alizungumza, na mganga msaidizi, Mshambaa wa makamo, akatufasiria.

"Mama, chakula hupita kwenye mrija kutoka kooni hadi tumboni. Ndani ya mrija wako pameota uvimbe, na njia imekuwa nyembamba. Ugonjwa huu unaitwa kansa."

"Umetoka wapi?"

"Daktari anasema hajui. Huota mwilini wenyewe."

"Si kitu nilicholishwa?"

Yule bwana alimuuliza daktari, naye akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hakuna mtu aliyekutia."

"Na dawa yake?"

Hapo aliteremsha sauti. "Ya kuuondoa hatuna. Umeshaenea. Kunywa uji mwepesi na maziwa, kidogo kidogo."

Mama alishukuru.

Tulipofika nyumbani aliwaita baba, shangazi na wazee wa ukoo, akawaeleza habari ya ule mrija, akionyesha kwa kidole kifuani pake. Kisha akamgeukia mama mdogo.

"Mdogo wangu, nipikie uji."

"Dada, nikikupikia watasema."

"Acha wanione nikinywa."

Uji ukaja. Mama alikunywa taratibu, akipumzika kila funda, na hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza. Shangazi hakuomba radhi. Kesho yake alileta kibuyu cha maziwa, akamkabidhi mama mdogo mkononi.

Mama mdogo alimpikia hadi maji nayo yakakataa kupita. Mama alifariki mvua za vuli zikikaribia. Wanawake walipouliza nani atamwosha, baba alisema marehemu alishachagua. Mama mdogo akamwosha, shangazi akimmiminia maji.

Nilipokuwa tayari kurudi kwa mume wangu, mama mdogo ndiye aliyenisindikiza, akiwa amembeba mwanangu mgongoni.