Nyumba Niliyojenga kwa Garanti ya Wapangaji Wake

Mwenye nyumba wetu pale Baraka alitutoa mvua ikinyesha, mtoto wangu akiwa na surua. Kosa langu ni kumwambia mbele ya wapangaji wenzangu kwamba bati linavuja. Alilitupa godoro langu kwenye matope. "Ukitaka bati zuri, jenga lako!" Wapangaji watatu walisimama milangoni wakitazama.

Nikaapa nitajenga, tena mbele ya macho yake.

Parseli nilikuwa nayo. Marehemu baba aliniachia kiwanja ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ile. Nilitaka vyumba vinne, vitatu vya kupangisha. Biashara yangu ya samaki wa ndagala ilitosha matofali tu. Benki ya Bukavu ilitaka sahihi ya mume, na wangu alikwenda machimboni Lulimba akanyamaza. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alikubali kunipa mabati, ila parseli iwe rehani. Nikaona natoka kwa bwana mmoja naingia kwa mwingine. Likirimba ya bamama wa soko, ule mchango wa kupokezana, ilikuwa salama, lakini zamu yangu ilikuwa mbali, na hasira haipangi foleni.

Ndipo nikawafikiria wale watatu. Nikaanza na mjane mshonaji, tukifua ziwani.

"Yaya, dada yangu, unipe garanti, kodi ya mbele. Nitanunua mabati, nawe utapata chumba."

"Na ukishindwa?"

"Parseli iko. Haiwezi kukimbia."

Akakamua kitenge chake. "Nitatoa. Ile siku ya godoro niliona haya sana."

Wale wengine wawili nao wakatoa. Mwenye nyumba alipita akayaona mabati yakipigiliwa misumari, akauliza nani ananisaidia. "Mungu," nikamjibu.

Wote watatu walihama asubuhi ya salongo, mtaa mzima ukiwa barabarani na majembe kwa kazi ya serikali. Vitanda vikavuka, sufuria zikavuka. Mwenye nyumba akamkimbilia mkubwa wa chama wa mtaa, akimwita "raia" kwa Kifaransa kama chama kilivyotaka.

"Sitwayeni, huyu mwanamke ameniibia wapangaji!"

"Wana deni lako?"

"Hapana."

"Basi chukua jembe, sitwayeni. Umechelewa."

Watu walicheka hadi wakaegemea majembe.

Alipunguza kodi, hakuna aliyekuja. Popo wakaingia. Mchungaji akanisihi nimsamehe, nami nikasema nimesamehe, kwa mdomo. Lakini kila jioni nilitoa kiti changu nje, nikakielekeza kwenye ile milango yake iliyofungwa, nikala bugali polepole. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.