Ukifunga, Inafunguka

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo nilikuwa mfungwa wa Butembo. Kwetu ni Beni, lakini barabara haikuwa salama, na kwa wiki tatu mama alikuwa akiisikia sauti yangu kwenye simu tu. Ijumaa ningetetea kazi yangu mbele ya walimu. Nikikosa, ningerudia mwaka. Kilibaki kipimo kimoja: kuchanganya gesi ya mavi ya nguruwe na ile gesi ya chupa inayotiwa kwenye soda, nione moto unazimikia wapi. Kilitaka dakika ishirini bila kukatika.

Kila mara nilikwama dakika ya nane. Gesi ikitoka chupani kwa nguvu hupoa, na detanderi, kile kichwa cha chuma kinachopunguza nguvu yake, kilivaa barafu nyeupe mpaka mshale ukaanza kurukaruka. Kifaa cha kukipasha joto kilikuwa kimekwama forodhani Kasindi. Tulibaki na dawa ya kienyeji: kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, kuzungushiwa detanderi kabla haijaganda.

Mtunza maabara alikuwa mzee mwema mwenye ugonjwa mmoja, kufuli. Zamani aliibiwa mizani, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, maji yetu yalipoa.

“Naenda kutafuta mayi ya moto kwa mama wa chai,” alisema. “Gaz ikishikwa na baridi, ufunge tu. Narudia sasa hivi.”

Akatoka, akanifungia kwa nje kama kawaida yake. Nilikasirika, nikarudi kuuangalia mshale.

Barafu ikaja. Nikafunga. Nilishika skrubu kubwa ya detanderi nikaikaza, kama mtu yeyote anavyofunga kitu. Gesi ikavuma zaidi. Nikaona sijakaza vya kutosha, nikakaza tena. Mpira wa kupitishia gesi ukachomoka, barafu ikashika skrubu yenyewe, na haikuzunguka tena kulia wala kushoto. Robine, yaani koki ya chupa yenyewe, haikuwa na mkono. Ilifunguliwa kwa ufunguo wa chuma, na ufunguo ule ulikuwa pamoja na wa mlango, mfukoni mwa mzee.

Jiko langu lilikuwa sakafuni, nimelizungushia matofali. Likazimika lenyewe. Hapo nikaelewa: gesi ile ni nzito, ilikuwa inajaza chumba kuanzia chini. Nikabana mpira wa gesi ya nguruwe, nikapanda juu ya meza. Pua iliniwasha kama ya mtu aliyepaliwa na soda. Dirisha nilikuwa nimeliziba mwenyewe kwa gunia, upepo usichezee moto. Nikalichomoa, nikaweka mdomo kati ya nondo, nikaita. Chini pikipiki zilipita na kelele zao, hakuna aliyeinua kichwa. Niliogopa. Nilimfikiria mama, na nilimchukia mzee yule kwa moyo wote.

Kufuli ikalia. Aliacha thermos mlangoni, akaziba pua kwa koti, akaingia na ufunguo wake akaifunga robine. Alinivuta nje kwa mkono. Tulikaa kwenye ngazi mpaka pumzi zikarudi.

“Nilikuambia ufunge,” akasema.

“Nilifunga, papa. Nilifunga mupaka ikashindwa kuzunguka.”

“Vis?” Akazungusha vidole kama anayekaza skrubu. “Ile ukifunga, gaz inafunguka. Mimi nilisema robinet.”

“Na clé yake?”

Mkono wake ukaenda mfukoni kwenye funguo, ukabaki humo.

Alhamisi nilimkuta amekwisha chemsha maji. Aliizungushia detanderi kitambaa cha moto kabla sijafungua chochote, na kila dakika tatu akakibadilisha. Dakika ya nane ikapita. Ya kumi na mbili ikapita. Ya kumi na tano maji yakapoa, akachukua thermos kwenda kwa mama wa chai. Mlangoni alisimama kidogo. Akarudi, akaweka funguo zote mezani karibu na mkono wangu, akatoka. Mlango aliuacha wazi.