Ndama Niliyemwacha Njiani

Dada yangu Mwajuma alifariki akimzaa Zuhura. Jirani aliyekuwa akimnyonyesha mtoto naye akashikwa na homa, maziwa yakakatika. Mimi nilikuwa nimerudi Marui kwa likizo ya shule. Baba akaniambia, "Nenda Misugusugu kwa mjomba wako, akuazime ng'ombe wa maziwa. Mtoto anaishi kwa maji ya mchele." Nikaondoka Jumatatu alfajiri, viatu nimevining'iniza begani.

Jumanne mchana nilifika Misugusugu. Mjomba hakuuliza mengi. Alinipa Madoa, ng'ombe mtulivu, na ndama wake wa mwezi mmoja. Mchungaji wake, Masanja, Msukuma mrefu mwenye utani, alinitazama nikiokota fimbo.

"Msomi, hiyo ya kumpigia nani?"

"Ng'ombe. Nina haraka."

"Basi utachelewa. Simama ubavuni, nyuma kidogo ya bega. Ukimsogelea, anakwenda. Ukirudi nyuma, anasimama. Usipige kelele. Na ndama akilala, na wewe kaa chini."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka aamke. Kwani yeye ana saa?" Akacheka mpaka akakohoa.

Jumatano tulianza safari. Nilifanya alivyosema, na kweli Madoa alikwenda bila fimbo. Lakini ndama! Hatua mia, kalala. Hatua mia nyingine, ananyonya. Mbung'o walituuma, mawingu yamefunga tangu asubuhi, na mimi moyoni nilikuwa nahesabu vijiko vya maji ya mchele.

Jioni tulilala upande wa Kisarawe, kwa Bi Mwanahawa, mjane aliyelima mihogo. Kutoka kwake mpaka Marui ni mwendo wa siku moja kwa mtu mzima. Kwa ndama, siku mbili. Alhamisi asubuhi nikamwambia, "Shikamoo bibi. Nakuachia ndama, nitamfuata baadaye."

"Marahaba. We mjukuu wangu, ng'ombe umtenge na mwanawe?"

"Maziwa yako kwenye kiwele, bibi. Hayako kwa ndama."

"Haya. Ndiyo mliyofundishwa huko shule?"

Nilimfunga Madoa kamba nikamvuta. Aligeuka, akalia, akagoma. Hapo fimbo ikafanya kazi. Nilimpiga mgongoni, nikampiga miguuni, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tulifika Marui jua linazama, yeye akitetemeka, mimi nikijiona shujaa.

Ijumaa alfajiri mama alikaa kukamua. Madoa akapiga teke, kibuyu kikapasuka. Tukamfunga miguu. Yakatoka matone ya kulowesha kidole tu. Mama akampa Zuhura kile kidole. Mtoto alikinyonya, akalia bila sauti.

"Ndama yuko wapi?" mama akaniuliza.

Nikamwambia.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Kimbia."

Nilikimbia. Jioni nilikuwa kwa Bi Mwanahawa. Ndama alikuwa hai, bibi akimlambisha uji vidoleni. Jumamosi tukatoka, na sasa sikuwa na la kufanya. Akilala, nakaa chini. Nikijaribu kumbeba, anarusha miguu, tunaanguka wote. Njia nzima nilijiambia jambo moja: kama ningemngoja juzi, tungefika wote Ijumaa jioni.

Jumapili mchana niliona mikeka uani kwetu, na wanaume wamekaa kimya. Zuhura alizikwa Jumamosi alasiri, karibu na mama yake.

Madoa alimsikia ndama kabla sijamfungua kamba shingoni. Alilia mara moja tu, kwa chini. Ndama akakimbilia kiweleni, akagonga kwa kichwa, na maziwa yakaanza kutiririka yenyewe kwenye chuchu za upande wa pili, yakadondoka mchangani mbele ya watu wote.

Baba aligeuza uso. Mama akaniletea bakuli dogo alilokuwa amemwekea mjukuu wake.

"Kamua," akasema. "Kitamuuma kiwele."

Nikasimama ubavuni, nyuma kidogo ya bega, nikangoja Madoa anizoee. Alinikubali. Bakuli likajaa upesi, povu juu. Nikabaki nimelishika, sijui nimpe nani.

Likizo ilipokwisha niliwarudisha Misugusugu, yeye na ndama wake. Fimbo niliiacha nyumbani. Nilitembea siku tano.