Sauti Iliyokosekana Migwani

Kaluki, mshonaji wa nguo sokoni Migwani, alikuwa amepiga kinanda cha kanisa miaka kumi na mmoja. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga, na kibao kimoja cha katikati kilikuwa bubu tangu alipokipokea. Alikiruka tu, akidhani waimbaji wataijaza wenyewe sauti hiyo.

Mwaka 1974 alikwenda Malili kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mpigaji wa huko, Mwalimu Kisilu, akamwonyesha kinanda chake, karibu kipya.

"Changu kina pumzi fupi," Kaluki alisema. "Nikipunguza miguu kidogo, kinakata roho."

"Hiki ni laini, lakini sauti yake nyembamba. Hebu kaa ujaribu, dada."

Alipiga wimbo wa kuagana, ule wa kila Jumapili. Kisilu akamsimamisha.

"Mbona hapo unaruka? Kibao si kizima?"

Akarudia. Kidole kikaruka tena, chenyewe. Kisilu alipomwimbia polepole sehemu hiyo bila kuruka, Kaluki akaelewa. Kanisa zima la Migwani liliimba pengo lile lile, na ni yeye aliyewafundisha.

Tangu hapo hakutulia. Alikosea vipimo vya nguo za watu. Akila, vidole vilitembea kando ya sahani. Jumatano moja aliomba ufunguo wa kanisa, akachukua bisibisi ya cherehani, akafungua kinanda mgongoni. Nyigu walikuwa wamejenga udongo juu ya ulimi mdogo wa shaba unaotoa sauti ya kibao kile. Akaukwangua kwa sindano, akakanyaga. Kibao kikalia.

Jumapili alipiga wimbo wote. Waimbaji wakagongana, nusu wakanyamaza. Baada ya ibada, mzee wa kanisa, Muthama, alimfuata.

"Kaluki, umetuharibia wimbo."

"Mzee, ndivyo ulivyo. Mimi ndiye niliyewafundisha vibaya."

"Basi tuachie tulivyozoea."

Hakuacha. Aliwafundisha upya watoto wa shule ya Jumapili. Wazee wakaendelea na pengo lao. Dada yake, Mutindi, alimwuliza kwa nini hajipi raha. Alisema hata yeye hajui.

Muthama alipofariki mwaka 1983, mjane wake aliomba wimbo huo huo uimbwe mazishini. Kaluki aliketi, miguu ikaanza kukanyaga kabla hajaamua. Alipokifikia kile kibao, akakiruka. Wazee wakaimba pamoja, hakuna aliyegongana.

Hakungoja chai ya matanga. Alirudi sokoni kwa haraka, na Jumapili iliyofuata akakipiga kibao kile.